Vitabu vya Parokia na Utafutaji wa Mababu Wareno Waliohamia Marekani

Anayetafuta mababu zake Wareno waliovuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani, kwa hakika anatafuta jina la parokia moja. Jina la ukoo laweza kubadilika njiani, tarehe ya kuzaliwa yaweza kukosewa, na mahali pa asili paweza kuandikwa kwa neno moja tu, «Ureno», kana kwamba nchi nzima ilikuwa kijiji. Lakini mtoto aliyezaliwa katika kisiwa cha Pico mwaka 1872 alipelekwa kanisani kubatizwa, na paroko akamwandika kitabuni pamoja na wazazi wake, babu na bibi zake wa pande zote mbili, na wasimamizi wake. Kwa parokia nyingi za Ureno kitabu cha namna hiyo kipo hadi leo, na picha za kurasa zake zaweza kusomwa kwa intaneti bila malipo.

Makala hii tumeiandaa kwa ajili ya waamini ambao, kwa ndoa au kwa uzao, wana ndugu wa asili ya Kireno huko Marekani, na ambao mkononi wana jina la babu na picha moja iliyofifia, wala hakuna zaidi. Tunawakusudia pia makatibu wa parokia na makatekista, kwa kuwa karibu yote tutakayoeleza yametokana na kazi ileile wanayoifanya wao baada ya kila ubatizo, yaani kuandika.

Tunatanguliza tahadhari moja. Majina ya Kireno yaliyozoeleka katika miji ya pwani yetu, kama vile Fernandes na D'Souza, kwa kawaida si ya wahamiaji kutoka Ureno. Ni ya Wakatoliki wa Goa, ambao mababu zao waliyapokea pamoja na ubatizo chini ya utawala wa Kireno nchini India. Utafutaji wao una njia yake na vitabu vyake, nasi hatuugusi hapa.

Walikotoka na walikofikia

Wengi wa Wareno waliokwenda Marekani katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 hawakutoka Lisbon wala Porto. Walitoka visiwani, hasa katika visiwa tisa vya Azori vilivyo katikati ya Atlantiki. Meli za kuwinda nyangumi kutoka New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Horta, katika kisiwa cha Faial, kuchukua maji, chakula na mabaharia. Vijana walipanda, wengine kwa siri ili kukwepa kuandikishwa jeshini, na jambo hilo lina maana kwa mtafutaji: aliyeondoka kwa siri hakuomba pasipoti, hivyo asitafutwe katika vitabu vya pasipoti. Baada ya mabaharia wakafuata wake, dada na binamu, wakaingia katika viwanda vya pamba vya New Bedford na Fall River. Wengine walifika California, wakawa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wavuvi. Wengine tena, kutoka Madeira na baadaye kutoka kisiwa cha São Miguel, walichukuliwa kwa mkataba kwenda kulima miwa Hawaii. Meli ya kwanza, Priscilla, ilifika Honolulu mwaka 1878.

Popote walipofika walitafuta Misa katika lugha yao. Parokia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji mjini New Bedford, iliyoanzishwa mwaka 1871, ndiyo parokia ya kwanza ya Wareno nchini Marekani. Katika mji huohuo waliishi pia watu wa Cabo Verde, hasa wa kisiwa cha Brava, Waafrika na machotara ambao karani wa bandari aliwaandika Wareno kwa kuwa walikuwa raia wa dola ya Ureno. Nao walipata parokia yao mwaka 1905, ile ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Kwa hiyo mtu mweusi wa New Bedford anayesoma katika hati za bibi yake neno «Mreno» asidhani kwamba karani alimchanganya na mtu mwingine.

Sheria za Marekani za mwaka 1917, 1921 na 1924 zilifunga mlango huo karibu kabisa. Ulifunguliwa tena kidogo mwaka 1958, baada ya volkano ya Capelinhos kulipuka pwani ya Faial mwezi Septemba 1957 na kufunika mashamba na nyumba kwa majivu.

Kuanzia Marekani, si Ureno

Kosa linalowagharimu wengi ni kukimbilia vitabu vya Ureno wakiwa na jina tu. Katika visiwa vile walikuwako akina Manuel na akina Maria wasiohesabika. Jina la parokia hupatikana kwanza upande wa pili wa bahari.

Ianzwe nyumbani: kadi za kumbukumbu ya marehemu, barua, maandishi ya kaburini, na maneno ya wazee, hata yale yaliyopindika. Kisha iendewe parokia ya Marekani ambako babu alifunga ndoa au kubatiza watoto. Paroko aliyekuwa Mreno mwenyewe aliujua uzito wa jina la kijiji, na mara nyingi aliliandika kamili. Tena, anayetaka kufunga ndoa Kanisani huleta cheti cha ubatizo, na cheti hutaja mahali. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa agizo la hati *Ne Temere*, paroko aliyebariki ndoa alitakiwa kuijulisha parokia ya ubatizo. Kwa hiyo jina la parokia ya asili lilipaswa kujulikana.

Kwa upande wa serikali, hati za kuomba uraia za kabla ya mwishoni mwa Septemba 1906 mara nyingi husema «Ureno» tu. Zile za baadaye huuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa. Orodha za abiria za miaka hiyo ya 1900 nazo zina habari zaidi, na zisitafutwe New York pekee, maana Wareno wengi walishukia New Bedford, Boston na Providence.

Majina

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nasi tutakaa kidogo.

Kwanza, mtoto alipobatizwa alipewa jina moja tu. Kitabu husema «Maria, binti halali wa fulani na fulani». Jina la ukoo lilikuja baadaye, na halikuwa lazima liwe la baba. Laweza kuwa la mama, la bibi, hata la msimamizi wa ubatizo. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu tofauti bila yeyote kushangaa. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda jina lake la pili ni la kwanza la baba yake na jina lake la kwanza ni la babu aliyefariki, atalielewa jambo hili upesi kuliko Mmarekani anayedhani kwamba jina la ukoo ni mnyororo usiokatika.

Pili, wanawake hawakuchukua jina la mume kama desturi. Wengi walibeba jina la ibada: *de Jesus*, wa Yesu, *da Conceição*, wa Mkingiwa Dhambi ya Asili, *do Espírito Santo*, wa Roho Mtakatifu. Hayo si majina ya ukoo. Anayemtafuta Maria de Jesus kwa kuwatafuta «akina de Jesus» hatafika popote. Atafutwe kupitia mume na wazazi wake.

Tatu, mtoto akifa mchanga, anayezaliwa baada yake aliweza kupewa jina lilelile. Ukikuta Manuel wa mwaka 1868 na Manuel mwingine wa mwaka 1870, wazazi walewale, usimfute mmoja. Kitafute kitabu cha mazishi.

Nne, mabadiliko ya Marekani. Pereira akawa Perry, Rodrigues akawa Rogers, Oliveira akawa Oliver, Silva akawa Sylvia, na Reis, yaani wafalme, akawa King. Hadithi kwamba maafisa wa bandari ndio waliobadilisha majina haina msingi, kwa kuwa orodha za abiria ziliandikwa na upande wa meli kabla ya kufika. Yalibadilika polepole, kwa mwalimu, kwa msimamizi wa kiwanda, kwa jirani asiyeweza kutamka, na mara nyingi kwa hiari ya mwenye jina. Watafutaji wengine husikitika na kuona kwamba babu aliikana asili yake. Sisi tunaona ni haki kumtazama kwa upole: mtu huyo huyo aliyejiita Perry kiwandani aliendelea kuitwa Pereira katika kitabu cha parokia yake.

Kwa nini Kanisa liliandika

Mtaguso wa Trento, katika kikao cha Novemba mwaka 1563, uliagiza paroko awe na kitabu cha ndoa na aandike pia wasimamizi wa ubatizo. Sababu haikuwa nasaba kwa ajili ya nasaba. Ndoa za siri zilikuwa zikiwaacha wanawake bila ushahidi, na undugu wa damu au wa kiroho ulikuwa kizuizi cha ndoa ambacho kilihitaji kuthibitishwa. Ibada ya Kirumi ya Papa Paulo V, mwaka 1614, ikaweka mfano wa vitabu vitano: Ubatizo, Kipaimara, Ndoa, Hali ya Roho, na Marehemu. Nchini Ureno baadhi ya majimbo yalikuwa yameanza kuandika kabla ya Trento, na Jimbo la Angra, linalovihudumia visiwa vya Azori, lilianzishwa mwaka 1534. Hivyo ziko familia za wakulima wasiojua kusoma ambazo nasaba yao inafuatika kwa zaidi ya miaka 300.

Si kila mahali. Tetemeko la Lisbon la Novemba 1, 1755, siku ya Watakatifu Wote, na moto uliofuata, viliteketeza vitabu vya parokia nyingi za mji huo. Kwingineko moto, unyevunyevu na wadudu vilifanya kazi ileile polepole.

Jinsi ya kusoma kitabu

Mwaka 1860 ni mpaka. Kuanzia hapo, kwa amri ya mwaka 1859, vitabu viliandikwa nakala mbili kwa mtindo mmoja: tarehe kwa maneno, saa ya kuzaliwa, kazi ya wazazi, mahali walikozaliwa na walikofungia ndoa, babu na bibi wa pande zote, na wasimamizi. Maandishi haya husomeka vizuri hata kwa asiyejua Kireno, mradi akariri maneno machache. *Natural de* ni mahali mtu alikotoka. *Freguesia* ni parokia. *Avós paternos* ni wazazi wa baba na *avós maternos* ni wazazi wa mama. *Padrinhos* ni wasimamizi, *óbito* ni kifo. Tarehe ya kwanza katika ukurasa ni ya ubatizo. Ya kuzaliwa hufuata chini yake, na wengi huzichanganya.

Kabla ya mwaka 1860 maandishi ni mafupi na yamejaa vifupisho: *Mel* ni Manuel, *Ma* ni Maria, *Frco* ni Francisco. Hapo njia iliyo salama ni kurudi nyuma kwa ndoa. Andiko la ndoa hutaja wazazi wa bwana na bibi arusi na parokia walikobatiziwa. Itafutwe ndoa ya wazazi hao, kisha ya wazazi wao. Ubatizo utafutwe baadaye ili kujaza watoto.

Majina ya parokia nayo hurudiwa. Kuna São Mateus katika kisiwa cha Terceira na São Mateus nyingine Pico; Ribeira Seca ipo São Miguel na ipo São Jorge. Basi kisiwa kiandikwe daima pamoja na parokia.

Hazina isiyotumiwa sana ni hati za ruhusa ya ndoa. Hadi Sheria za Kanisa za mwaka 1917, undugu wa damu ulizuia ndoa mpaka daraja la nne, yaani hata waliokuwa na babu mmoja wa vizazi vinne nyuma. Katika kisiwa kidogo karibu kila kijana na kila msichana walikuwa ndugu kwa kipimo hicho. Walipoomba ruhusa walilazimika kueleza undugu wao hatua kwa hatua, mashahidi wazee wakiitwa kuthibitisha. Ukurasa mmoja wa ombi la namna hiyo waweza kumpa mtafutaji vizazi vinne vya pande mbili, kazi ambayo kwa vitabu vya ubatizo ingemchukua miezi. Wale waliokuwa wakiandaliwa kwa upadre nao walichunguzwa ukoo wao, na kumbukumbu za uchunguzi huo husaidia ikiwa katika ukoo alikuwamo padre.

Kurasa zinazoumiza

Atakayesoma vitabu hivi kwa muda mrefu atakutana na neno *exposto*, yaani mtoto aliyeachwa. Katika miji ya Ureno kulikuwa na pipa la mbao lizungukalo ukutani mwa nyumba ya huruma, liitwalo *roda*. Mama aliweka mtoto upande wa nje, likazungushwa, mtoto akapokelewa ndani bila sura ya mama kuonekana. Mwaka 1783 iliagizwa ziwepo katika kila wilaya. Mtoto alibatizwa, mara nyingi kwa sharti, kwani haikujulikana kama alikwisha kubatizwa, na padre aliandika hata nguo alizokutwa nazo au kipande cha utepe, ili mama akirudi amtambue mwanawe. Kwa mtafutaji, mara nyingi ukurasa huo ndio mwisho wa njia. Tunashauri asijaribu kuijaza nafasi hiyo kwa kubahatisha.

Vivyo hivyo *pai incógnito*, baba asiyejulikana. Hata leo Kanuni ya 877 inaelekeza kwa uangalifu jinsi ya kuandika mtoto wa mama asiye na ndoa: jina la mama likiwa uzazi wake unajulikana hadharani au akiomba mwenyewe, na la baba likiwa kuna hati ya serikali au tamko lake mbele ya paroko na mashahidi wawili. Paroko haandiki uvumi.

Yapo pia maandiko ya watumwa. Katika Lisbon, Madeira, Azori na Cabo Verde, Waafrika walibatizwa na kuandikwa kwa jina moja, na baada yake jina la mwenye mali: «mtumwa wa fulani». Wazazi mara nyingi hawatajwi. Mwaka 1761 sheria iliwapa uhuru watumwa watakaofikishwa Ureno kutoka ng'ambo, lakini si wale waliokuwa makoloni, na utumwa katika makoloni hayo haukufutwa kisheria ila mwaka 1869. Hatuoni sababu ya kulipamba jambo hili. Mkono uleule uliomwandika mtu kuwa mwana wa Mungu ulimwandika, katika mstari uleule, kuwa mali ya jirani. Mjukuu wa Brava anayetafuta kutoka New Bedford apaswa kujua kwamba jina la ukoo alilorithi laweza kuwa la bwana na si la babu, na kwamba ni lazima afuatie nyumba ya bwana huyo, wosia wake na orodha ya mali zake, ili kupata habari za watu wake.

Vitabu viko wapi sasa

Jamhuri ya Ureno, iliyotangazwa Oktoba 1910, ilianzisha uandikishaji wa serikali mwaka 1911 na kuchukua vitabu vya parokia. Lilikuwa tendo la serikali isiyolipenda Kanisa, na mapadre wengi waliumia. Tokeo lake, hata hivyo, ni kwamba vitabu vilikusanywa mahali pamoja. Leo vya ubatizo huhamishiwa katika hifadhi za umma vikifikisha miaka 100, vya ndoa miaka 50, vya vifo miaka 30. Kwa Ureno bara vimo katika hifadhi za wilaya na katika Torre do Tombo, Lisbon. Kwa Azori ziko hifadhi tatu: Ponta Delgada kwa São Miguel na Santa Maria, Angra do Heroísmo kwa Terceira, Graciosa na São Jorge, Horta kwa Faial, Pico, Flores na Corvo. Madeira ina hifadhi yake Funchal. Tovuti za hifadhi hizo huonyesha picha za vitabu bila malipo. Kumwandikia paroko wa kijijini akutafutie ubatizo wa mwaka 1850 ni kumchosha bure, kwani kitabu hakipo kwake.

Picha nyingi zimo pia katika tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Wamormoni, na waamini huweza kujiuliza kama ni halali kuitumia. Mnamo Aprili 2008 Baraza la Kipapa la Wakleri liliwaandikia maaskofu wasiruhusu vitabu vya parokia vipigwe picha na shirika la nasaba la jumuiya hiyo, kwa sababu ya desturi yake ya kuwabatiza marehemu kwa kutumia wawakilishi. Barua hiyo inawahusu wanaotunza vitabu. Kwa maoni yetu, mwamini anayesoma picha zilizokwisha kutolewa na hifadhi ya serikali hatendi kosa. Asikubali tu kuandikisha majina ya marehemu wake kwa ajili ya ibada hiyo, ambayo Kanisa haliitambui. Marehemu wetu tunawaombea Misa.

Limebaki neno moja la Kireno ambalo mtafutaji alizoee macho, nalo ni *ausente*, asiyekuwapo. Hukutwa katika ubatizo wa mtoto ambaye baba yake amekwisha kusafiri, katika kifo cha mwanamke aliyeolewa lakini akazikwa na kaka zake, na katika orodha ambazo paroko alizitengeneza kila Kwaresima, nyumba kwa nyumba, za wanaopaswa kuungama na kukomunika Pasaka. Baada ya jina la mume au la kijana wa miaka kumi na minane huongezwa: *ausente nos Estados Unidos*. Palipo na maneno hayo, pasipoti au hakuna pasipoti, mtafutaji amempata mtu wake, na amepata pia mwaka ambao kabla yake ndipo atafute meli.